Waliotangulia Njiani: Miamba ya Mtwara na Viongozi Wake

Kutoka ufukwe wa Msimbati hadi milima ya Masasi ni safari isiyozidi siku moja kwa gari, lakini kwa miamba ni safari ya zaidi ya miaka milioni 500. Pwani kuna matumbawe yaliyokufa zamani na kubaki juu ya maji, jiwe jeupe lenye matundu ambalo ndilo lililojenga kuta za Mikindani. Nyuma yake kuna mchanga mwekundu na kokoto, tabaka ambalo wanajiolojia wamelipa jina la mji huo huo. Kisha ardhi inapanda, nao uwanda wa Makonde unajionyesha kuwa rundo kubwa la mawe ya mchanga yaliyotua zama za Kretasia, wakati dinosaria bado wanatembea duniani. Huko Newala, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandazika chini. Mbele zaidi, Masasi, mawe ya mchanga yamekwisha, na miamba migumu iliyopikwa ndani kabisa ya dunia inachomoza mmoja mmoja juu ya tambarare. Historia ya jinsi mpangilio huu ulivyojulikana husimuliwa kwa majina ya wageni: Livingstone, Thomson, Bornhardt, Fraas, Janensch. Majina hayo yanastahili kutajwa, kwa kuwa waliyaandika waliyoyaona. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyefika penye jiwe peke yake. Kila mmoja alikuwa nyuma ya kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara, na kirangozi hakuwa mtu wa kuonyesha njia tu. Elimu ya miamba ya kusini ilianza kwa watu wa kusini, waliokuwa wakiitembea na kuichimba ardhi hiyo kwa kazi zao, na ikaingia vitabuni kwa njia ya matembezi waliyoyaongoza wao.

Ushahidi wa kwanza ni sandarusi. Katika karne ya 19 utomvu huu uliogeuka mgumu ardhini ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za soko la Zanzibar, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Ulisafirishwa hadi Salem katika jimbo la Massachusetts na hadi Hamburg, ukatumika kutengeneza vanishi ya magari ya farasi na samani. Ulichimbwa katika ukanda mrefu wa pwani ya bara, na pwani ya kusini ilikuwa na sehemu yake. Mchimbaji alikuwa mkulima mwenye jembe, aliyeingia kazini mvua zikishalainisha udongo. Hakuchimba popote. Sandarusi iliyo bora mara nyingi ilipatikana mahali ambapo miti iliyoitoa ilikwisha kutoweka, kwa hiyo hapakuwa na mti wa kumwelekeza. Kilichomwelekeza ni ardhi yenyewe: rangi ya mchanga, kina cha tabaka, na kumbukumbu ya mashimo ya jana. Akishaipata, aliitambua kwa ngozi yake yenye vipele vidogo, akaitenga na chakazi, ile changa iliyotoka mtini, ambayo bei yake ilikuwa duni. John Kirk, aliyepanda mto Ruvuma pamoja na Livingstone mwaka 1862 na baadaye akaishi Zanzibar, aliandika kuhusu sandarusi akazitofautisha: ile ya mtini, ile inayopatikana ardhini karibu na miti, na ile ya ardhini penye miti iliyokwisha kusahaulika. Mgawanyo huo ulikwisha kujulikana sokoni na mashimoni kabla Kirk hajashika kalamu. Kutenga vitu kwa kadiri ya muda vilivyolala ardhini ndiyo kazi ya kwanza ya mwanajiolojia, na wachimbaji wa sandarusi waliifanya kwa riziki yao.

Waashi wa Mikindani na wachoma chokaa nao walikuwa na mgawanyo wao. Katika miji yote ya Waswahili, jiwe la matumbawe la nchi kavu lilijengea kuta, na jiwe lililokatwa baharini likiwa bado bichi na laini lilitengwa kwa ajili ya mihirabu na vizingiti vya kuchongwa. Mabaki ya yote mawili yaliweza kuingia katika tanuri la chokaa.

Atakayepinga atasema kwamba kujua mahali pa kuchimba si sayansi. Mchimbaji hakujua umri wa sandarusi, mwashi hakujua kwamba bahari ilipanda ikashuka, na asiyeuliza kwa nini hawezi kuitwa msomi wa miamba. Pingamizi hili lina uzito, wala sitaki kulipuuza. Ni kweli kwamba nadharia ya tabaka, ramani na lugha ya zama vilitoka nje. Lakini kipimo hiki tukikitumia kwa mmoja, tukitumie kwa wote. Wasomi wa karne ya 19 nao hawakuujua umri wa sandarusi. Wengi waliihesabu kuwa kisukuku cha kale sana, na vipimo vya siku hizi vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya sandarusi ya Afrika Mashariki ina mamia ya miaka tu. Isitoshe, sayansi ya miamba kokote duniani ilijengwa juu ya ujuzi wa wachimba migodi, wachimba visima na wavunja mawe. William Smith, aliyechora ramani ya jiolojia ya Uingereza na kuitoa mwaka 1815, alijifunza tabaka akiwa mpima ardhi kwenye migodi ya makaa ya mawe na mifereji, na huko ujuzi wa wafanyakazi unakubaliwa kuwa sehemu ya historia ya elimu hiyo. Sioni sababu ya kuukataa uwe hivyo Mikindani.

Uwanda wa Makonde unatoa ushahidi wa namna nyingine, na kwangu ndio wenye nguvu zaidi, kwa sababu hautegemei maandishi ya mtu yeyote. Mawe ya mchanga ya uwanda huo hunywa mvua yote. Juu hakuna mto wala kijito cha kudumu. Maji huzama mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, kisha hutoka kwenye chemchemi chini ya mteremko. Wamakonde walijenga juu, penye vichaka vizito vilivyowaficha wasifikiwe kirahisi na wawindaji wa watumwa na wavamizi wengine, wakakubali gharama ya kufuata maji mabondeni. Mwanaanthropolojia Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa na watu kuishi mbali kiasi hicho na maji. Hakika mwanamke wa Newala aliyeshuka na kupanda mteremko ule kila siku alijua mahali hasa ambapo mawe ya juu yanaishia na maji yanaanzia. Alijua chemchemi ipi hukauka kiangazi na ipi haikauki. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kupandisha maji uwandani kwa mitambo, chanzo chake kilikuwa kule kule bondeni ambako ndoo na mitungi ilikuwa imejazwa kwa vizazi.

Sasa tuje kwa wasafiri. Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani mwezi Machi 1866, akaanza safari yake ya mwisho. Vichaka vya Makonde vilimzuia yeye na ngamia wake, na aliweza kupita kwa kuwaajiri Wamakonde wenyewe wafyeke njia kwa shoka na visu vyao. Katika safari zake za Ruvuma aliandika kuhusu mawe ya mchanga na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Alichokiona kiliamuliwa na mahali njia ilipopita, na mahali njia ilipopita paliamuliwa na waliofyeka. Miaka 15 baadaye alikuja Joseph Thomson, kijana Mskochi aliyesoma jiolojia Edinburgh. Mwaka 1879 na 1880 alikuwa amefika maziwa ya Nyasa na Tanganyika, na msafara huo ulifanikiwa kwa sababu aliyeusimamia alikuwa Chuma, Myao wa nchi za Ruvuma, mmoja wa wale waliouleta mwili wa Livingstone pwani. Mwaka 1881 Sultan Barghash wa Zanzibar alimwajiri Thomson aende Ruvuma kuhakikisha habari za makaa ya mawe, kwa kuwa Sultan alikuwa na meli za mvuke na makaa yalikuwa ghali. Thomson alianzia Mikindani akafika eneo la mto Lugenda, unaoingia Ruvuma kutokea upande wa Msumbiji. Alikuta mwamba mweusi wenye mafuta kidogo, usiofaa kuendesha meli. Barghash hakufurahi.

Kisa hiki hutajwa kama mfano wa mgeni msomi aliyeufuta uvumi wa wenyeji. Mimi nakisoma tofauti. Mwamba mweusi ulikuwepo, na ulikuwepo pale ulipotajwa. Kosa halikuwa la macho. Lilikuwa la matumaini ya Ikulu ya Zanzibar, iliyotaka mwamba ule uwe zaidi ya ulivyokuwa. Wala wazo la makaa kusini halikuwa ndoto, kwani tangu 2011 makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, katika mkoa unaoitwa kwa jina la mto Ruvuma. Tabaka za zama za Karuu zinazoyabeba zimetapakaa pande zote mbili za mpaka. Thomson alipima vema kile alichokifikia, akakosa kile ambacho njia yake haikupita.

Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka koloni la Wajerumani kuanzia 1895 hadi 1897 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1900, ndiye aliyezitenga tabaka za Makonde na za Mikindani na kuzipa majina hayo. Ndiye pia aliyeanzisha jina la kitaalamu la milima ya mawe inayosimama peke yake juu ya tambarare, kama ile ya Masasi, na leo mlima wa namna hiyo wenye mgongo wa mviringo huitwa bornhardt katika vitabu vya jiografia duniani. Ni heshima kubwa, na alitoa jasho kuipata. Hata hivyo inafaa kuangalia alivyochagua majina ya tabaka. Alichukua jina la watu na jina la mji, yaani majina aliyoyakuta njiani.

Habari ya Tendaguru ndiyo inayoonyesha haya yote kwa uwazi mkubwa. Kilima cha Tendaguru kiko Lindi, si Mtwara, lakini hadi 1971 Lindi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mtwara, na miamba haikujua mpaka huo. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kusini mwa mto Mbwemkuru, alikuta mifupa mikubwa mno ya dinosaria ikichomoza kwenye njia ya miguu karibu na kilima hicho. Tuzingatie mahali: njiani. Njia haijitengenezi, na waliokuwa wakiikanyaga walikuwa wakiipita mifupa hiyo. Eberhard Fraas alifika 1907, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Wafanyakazi walikaribia 500 katika mwaka wenye watu wengi, pamoja na wake na watoto wao kambini. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Leo mifupa ya dinosaria aliye mrefu kuliko wote waliochimbwa huko, iliyounganishwa Berlin mwaka 1937, ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na hutembelewa na watu wa dunia nzima.

Katika uchimbaji huo kazi ya Mzungu ilikuwa kuandika na kuamua. Kazi ya kuona ilikuwa ya wengine. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye Wajerumani wenyewe walikiri ustadi wake katika kufukua mifupa na kuitayarisha. Mfupa wa kale si kitu kinachochomolewa kama mhogo. Umepasuka vipande mamia, umeshikana na udongo, na rangi yake inaweza kufanana na ya jiwe lililo jirani. Mwenye jicho lisilozoea huuvunja kabla hajajua kwamba ameugusa. Wachimbaji walijifunza kutenganisha tabaka za mifupa na zile za mawe ya mchanga yenye makombe ya baharini, ambazo hukaa kati yake kwa zamu, zikithibitisha kwamba pwani ya kale ilisogea mbele na kurudi nyuma mara kadhaa. Mashimo mengi yalibaki na majina ya huko huko: Kindope, Kijenjere, Mtapaia, na jingine Mkoawa Mtwara. Waingereza walipokuja mwaka 1924 chini ya William Cutler, wakiwa na kijana Louis Leakey, hawakwenda kutafuta mahali papya. Walirudi kwenye kilima kile kile na mashimo yaliyokwisha kufunguliwa na mikono ya wenyeji. Cutler alifariki Lindi mwaka 1925 kwa malaria.

Sayansi yenyewe imekuja kuliona hilo, ingawa kwa kuchelewa sana. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei: sehemu ya kwanza ni Wamwera, watu wa nchi hiyo, na ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyeyagundua mabaki yake. Zaidi ya miaka 90 ilipita kabla jina la aliyeona halijawekwa kwenye kitu alichokiona.

Hapa linakuja pingamizi gumu kuliko lile la kwanza. Je, kuwaita watu hawa viongozi si kuupamba ukoloni? Uchimbaji wa Tendaguru ulianza vumbi la Vita vya Maji Maji halijatulia. Nchi ilikuwa imechomwa, chakula kimeharibiwa, na mtu aliyekubali kubeba mfupa hadi Lindi huenda hakuwa na uchaguzi mwingine wa kupata senti za kodi. Kirangozi aliyelipwa na asiyeweza kukataa ni kiongozi wa namna gani? Jibu langu ni kwamba hoja hii inaeleza kwa nini majina yalipotea, lakini haithibitishi kwamba ujuzi haukuwepo. Mtu anaweza kudhulumiwa malipo na heshima kwa kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya, na kwa kweli dhuluma ya namna hiyo ni kubwa zaidi. Tukisema kwamba wale 500 walikuwa nguvu tu, mikono na migongo, tutakuwa tumerudia hesabu ya daftari la mshahara wa mwaka 1912. Boheti hakukumbukwa kwa hisani. Alikumbukwa kwa sababu kazi isingekwenda bila yeye, na alipokuwepo Boheti walikuwepo wengine ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Pingamizi la mwisho ni la kisasa: miamba siku hizi husomwa kwa mawimbi ya mtetemo, kwa meli na kwa kompyuta, na kirangozi hana kazi tena. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, kule Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia kwa kuchimba kisima, katika mchanga uliozikwa chini sana, mchanga ambao kwa mamilioni ya miaka Ruvuma umekuwa ukiushusha baharini. Hakuna mtembea kwa miguu ambaye angeuona. Nakubali. Lakini tazama kilichofuata. Mwezi Januari na tena Mei 2013 watu wa Mtwara waliingia mitaani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na watu walipoteza maisha. Malalamiko yalikuwa ya ajira, viwanda na ahadi, wala si ya jiolojia. Hata hivyo mabishano yote yalihusu kitu ambacho karibu hakuna mwananchi aliyewahi kuonyeshwa: gesi iko wapi, imekaaje, ni ya umri gani, kwa nini iko hapa na si kwingine. Miamba ilikuwa imesomwa bila mtu wa Msimbati kuwepo njiani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa Msimbati wa kuwaeleza wenzake. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Mazungumzo ya kuyaeleza hayo bado.

Na mazungumzo hayo yanawezekana, kwa kuwa mchanga wa aina ile ile uliozikwa kilomita kadhaa chini unaonekana juu, mdomoni mwa Ruvuma, ukitua sasa hivi kati ya mikoko. Ukanda huo umo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Mtu akiongozwa kutoka hapo hadi Mikindani, hadi Shimo la Mungu, hadi Masasi, atakuwa ameisoma nchi yote kwa macho yake. Kwingine matembezi ya namna hii yamekuwa shughuli ya kudumu. Huko Haute-Provence, kusini-mashariki mwa Ufaransa, watu huongozwa kwa vikundi hadi kwenye mwamba wa Digne wenye mamia ya visukuku vya amonaiti, na eneo hilo lilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtandao wa hifadhi za kijiolojia za Ulaya mwaka 2000. Kwetu, Ngorongoro na Oldoinyo Lengai zilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya kijiolojia mwaka 2018. Kusini haina sababu ya kubaki nyuma. Wanaohofia kwamba wageni wataiba visukuku na kuvunja matumbawe wana haki ya kuhofia, na dawa yake ni kirangozi anayelijua kila jiwe lake na anayelipwa vizuri kwa kulijua.

Kwa hiyo halmashauri za Mtwara, Newala, Masasi na Lindi zisisubiri mwekezaji. Zishirikiane na wanajiolojia wa vyuo vyetu kuwafunza vijana wa vijiji hivi, na shule za Newala ziwapeleke wanafunzi Shimo la Mungu wakiwa na daftari mkononi. Wazee wa vijiji vya kuzunguka Tendaguru waulizwe majina ya babu zao waliochimba na kubeba, na majina hayo yaandikwe. Na kibao chochote kitakachosimamishwa pale kilimani kimtaje Boheti bin Amrani kwanza, Janensch baadaye.